Na kiisha? Kwa nini filme ya woga inatupendeza

Ndugu musomaji, umekwisha kujiuliza ulizo hili? Mu maisha ya kila siku, mutu anakimbia woga. Akisikia mulio wa bunduki usiku, anazima taa na kulala chini. Akisikia ya kama udongo umeanguka mu shimo, anawaza mara moja ndugu yake aliye kazini. Hakuna mutu anayemuomba Mungu amupe siku yenye hatari. Lakini siku ya posho mangaribi, mutu ule ule anakaa mbele ya televizio, anaweka filme yenye wabandi, mabomu na mitego. Umeme ukikatika katikati ya filme, anakasirika kuliko mutu aliyenyanganywa sahani ya bukari.

Na mama wa nyumba? Yeye anapenda filme ya mutoto aliyepotea, ya bibi-arusi aliyeachwa, ya ndugu wawili wanaogombania uriti. Analia toka mwanzo mupaka mwisho, anapangusa macho na kikwembe. Asubui anaambia jirani yake: "Filme ya jana ilikuwa muzuri kabisa. Nililia!"

Ni ajabu, si vile? Tunatoa feza kusudi tuogope, tunatoa feza kusudi tulie, na kiisha tunasema tumefurahi.

Wazazi wengi wanaona vijana wao wakikimbilia filme hizi, wanasema: "Ni mambo ya shetani." Vijana wanajibu: "Ni kwa kujifurahisha tu." Majibu haya mawili yanaacha ulizo lenyewe pembeni: furaha ile inatoka wapi? Tukijua inatoka wapi, tutajua vilevile kuchagua filme. Juu filme mbili zinaweza kuwa na bunduki nyingi sawasawa, lakini moja inamujenga mutu na ingine inamupotezea usiku wake bure.

Kwa kujibu, tutashika filme moja mukononi na kuifungua sawa vile fundi anavyofungua motere.

Kamyo mbili na muzigo wa hatari

Filme yenyewe inaitwa Le Salaire de la peur, maana yake Mushahara wa woga. Mufaransa Henri-Georges Clouzot aliitengeneza kufuatana na kitabu cha Georges Arnaud, na ilitoka mwaka wa 1953. Mwaka ule ilipata zawadi ya kwanza ku Cannes mu Ufaransa na ku Berlin mu Ujerumani. Tunaichagua kwa sababu inasema juu ya watu ambao wewe, musomaji wa inchi ya migodi, utawatambua upesi.

Tuko Las Piedras, muji mudogo wa Amerika ya Kusini. Jua kali, vumbi, kazi hakuna. Wageni toka Ulaya walifika pale kutafuta maisha. Sasa hawana feza ya kulipa safari ya kurudia kwao. Wanashinda ku baa, wanakopa, wanagombana. Kitu kimoja tu kinatembeza feza mu eneo lile: kompani ya Wamerika yenye kutoa petroli.

Siku moja kisima cha petroli kinashika moto, mbali, karibu kilometa 500. Moto wa namna ile unaweza kuzimwa kwa kulipusha kitu kikubwa karibu yake: nguvu ya mulipuko inapuliza moto sawa vile mutu anavyopuliza mushumaa. Lakini kitu kinachopashwa kupelekwa kule ni nitrogliserini. Ninyi munaofanya kazi ya kupasua mawe munajua baruti. Nitrogliserini ni maji mazito ambayo mutikisiko tu unaweza kuyalipusha. Ndiyo sababu Alfred Nobel, mutu wa Uswidi, aliichanganya na udongo wenye kunyonya maji, akapata dinamiti mu mwaka wa 1867, kusudi watu waweze kuibeba bila kufa njiani. Mu filme hii wanaibeba yenyewe, ndani ya mabido, mu kamyo za kawaida, ku njia mbaya.

Nani atakubali? Mukubwa wa kompani anapiga hesabu yake. Wafanyakazi wake wako na sendika. Lakini wale wa ku baa hawana sendika, hawana jamaa. Wakikufa, hakuna mutu atakayekuja kuuliza malipo. Anatangaza: dola 2000 kwa kila shofere atakayefika. Watu wanagombania nafasi ile! Wanne wanachaguliwa. Mario na Jo, Wafaransa, wanapanda kamyo moja. Luigi, Muitalia, na Bimba, Mujerumani, wanapanda ya pili.

Wanawasha motere. Na kiisha?

Ulizo hili dogo, "na kiisha?", njo motere ya filme yenyewe. Watoto walikuwa wakimuuliza nkambo ulizo lile ku moto, wakati alipowatolea hadisi ya sungura na simba. Yeye ananyamaza, anavuta tumbako, wao wanamusongea: "Na kiisha, nkambo?" Sinema haikuvumbua kitu hapa. Ilichukua tu nafasi ya nkambo. Tuone basi namna gani inafanya kazi.

Kitu cha kwanza: kujua

Wengi wanawaza ya kama filme ya woga inatupendeza kwa sababu hatujui kitu kitakachofika. Mutu aliyesifiwa kuliko wote kwa filme za namna hii, Alfred Hitchcock, alifundisha kinyume. Alizaliwa London mwaka wa 1899 mu jamaa ya Wakatolika, akasoma kwa mapadri Wajezwiti, akatengeneza filme zaidi ya miaka 50. Mu mwaka wa 1962 alizungumza siku nyingi na mutengeneza-filme Mufaransa François Truffaut, na mazungumzo yale yalitoka mu kitabu mwaka wa 1966. Mule alitoa mufano huu.

Watu wawili wanakaa ku meza, wanazungumza mambo ya bure. Kwa rafla, bomu linalipuka chini ya meza. Mutazamaji anashituka. Imepata nini? Sekunde 15 za mushituko, basi.

Sasa rudilia mambo yale yale, lakini onyesha kwanza mutu mubaya akiweka bomu chini ya meza, na saa ku ukuta. Litalipuka saa saba kamili. Sasa ni saa saba kasoro dakika 15. Watu wale wawili wanakaa, wanazungumza mambo yale yale ya bure. Lakini sasa wewe, ku kiti chako, unataka kupiga kelele: "Achana na hadisi! Angalia chini ya meza!" Dakika 15 nzima moyo wako unapiga. Maneno yao hayakugeuka hata moja. Wewe njo umegeuka, kwa sababu unajua.

Mu Mushahara wa woga, bomu haliko chini ya meza. Liko mugongoni mwa shofere, toka anapowasha motere mupaka anapofika. Tangu tunajua ile, jiwe dogo ku njia linakuwa jambo kubwa. Mutoto anayevuka barabara, kona, mulima, sigara: kila kitu kinatutisha. Mutengeneza-filme hana lazima ya kuleta wabandi 20 wenye bunduki. Alitupa neno moja la kujua, na sisi wenyewe tunajitisha.

Njo maana yake, ku nyumba ya video, vijana wanapigia kioo makelele: "Usipite pale! Banakungojea!" Yule wa mu filme hawasikii. Wao wanajua, yeye hajui.

Hata kujua mwisho hakuharibu furaha sana sawa vile tunavyowaza. Mu mwaka wa 2011, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California ku San Diego, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, walipatia watu hadisi fupi za kusoma. Wamoja waliambiwa mwisho mbele ya kuanza. Kwa kawaida, wale walioambiwa walizipenda hadisi zile hata kidogo kuliko wengine. Basi, kijana, ukikaa pembeni ya mwenzako aliyekwisha kuona filme na anayetangulia kuisema, usimupige ngumi. Pengine hakukuibia kitu kikubwa.

Kitu cha pili: kuwa na mutu wa kuhangaikia

Lakini kujua peke yake hakutoshi. Ukijua ya kama bomu liko chini ya meza yenye viti vitupu, hautaogopa. Lazima mutu akae pale, na mutu yule awe kitu kwako.

Clouzot alifanya jambo ambalo watengeneza-filme wengi hawasubutu. Filme yake inapita saa mbili, na karibu saa moja yote ya kwanza hakuna kamyo inayotembea. Tunakaa tu na watu wale mu vumbi. Tunaona Mario akijivunia shati lake na kumutendea vibaya Linda, musichana anayemupenda. Tunaona Jo, muzee mwenye maneno mengi, akijifanya mukubwa. Tunaona Luigi, mutu wa kucheka na kuimba, anayefanya kazi ya simenti. Luigi anaenda kwa munganga. Munganga anamwambia ya kama mapafu yake yamejaa vumbi la simenti, na akiendelea hatamaliza wakati murefu. Luigi anapanda kamyo ile kwa sababu kazi yake ya kila siku ilikuwa inamuua vilevile, polepole.

Wasomaji, munajua watu wa namna ile. Mu kambi zetu, vumbi ndani ya mapafu si hadisi ya sinema. Basi wakati Luigi anaposhika usukani, sisi hatuangalii tena mugeni wa Italia. Tunamuangalia jirani. Njo pale woga wa filme unakuwa wa kweli.

Na angalia neno hili: watu hawa wanne hawako watakatifu. Mario ni mwenye kiburi, Jo atakuwa mwoga mbele ya wote. Hata vile tunataka wafike. Filme inatufunga na watu wenye makosa, sawa sisi. Filme ambayo watu 40 wanaanguka kwa risasi na haumujui hata mumoja jina lake, haikutishi. Inakuchokesha masikio tu.

Kitu cha tatu: kungojea, na kiisha kupumua

Njia inafika pahali penye mikunjo midogo midogo, sawa bati la nyumba. Wasafiri wa njia zetu wanajua namna ile. Ukienda polepole sana, gari linapanda na kushuka kila mukunjo bila mutikisiko mukubwa. Ukienda mbio sana, magurudumu yanaruka juu ya mikunjo tu. Lakini katikati ya mbio na polepole, gari linatetemeka lote. Na wao wako na nitrogliserini mugongoni! Kisha kuchagua mwendo, hauwezi tena kuugeuza. Clouzot alichukua jambo ambalo kila shofere anajua, akalifanya kisu ku shingo.

Mbele, kona ya mulima ni kali sana. Kamyo haiwezi kugeuka kwa mara moja. Inapashwa kurudi nyuma juu ya mbao zilizojengwa kando ya shimo refu. Mbao zimeoza. Tunaona gurudumu likirudi, kidogo, kidogo tena. Tunasikia mbao zikilia. Tena kidogo. Wewe mwenyewe, bila kujua, unakanyaga freni ku mukeka wako.

Mbele zaidi, jiwe kubwa limefunga njia. Bimba anatoboa tundu, anamwaga ndani yake nitrogliserini kidogo, tone kwa tone, anapasua jiwe. Mwenye kuangalia hapumui. Wakati jiwe linapopasuka na watu wanasimama wazima, wanacheka sawa watoto, na sisi tunacheka pamoja nao.

Kicheko kile ni sehemu kubwa ya siri. Wakati wa woga, moyo unapiga mbio, damu inatembea, mikono inatoa jasho. Mwili haujui sana kutenganisha hatari ya kioo na hatari ya kweli. Hatari ikipita, mwili haupoi mara moja. Unabaki na moto ule, na moto ule unaingia ndani ya furaha na kuiongeza. Mutaalamu Dolf Zillmann alieleza jambo hili toka miaka ya 1970. Njo vile kisha hatari, bukari inakuwa tamu kuliko siku zote. Tofauti ni hii: ku filme, ulipita mu hatari bila kutoka ku kiti. Unajua ndani ya moyo ya kama ukiona mambo yanazidi, utafumba macho. Woga wenye mulango wa kutokea unaweza kupendeza. Woga usio na mulango, ule wa vita na wa shimo lililoanguka, hakuna mutu anayeupenda.

Kitu cha ine: kile kisichoonyeshwa

Tunafika pahali ambapo wengi wanapasifu kuliko pote mu filme hii. Kamyo ya Luigi na Bimba iko mbele, mbali. Mu kamyo ya nyuma, Jo anatengeneza sigara. Tumbako iko juu ya karatasi, mukononi mwake. Kwa rafla, tumbako inapeperuka yote, karatasi inabaki tupu. Kisha nuru, kisha mulio. Luigi na Bimba hawako tena.

Basi. Hakuna damu, hakuna kilio, hakuna kipande cha mutu. Pumzi moja tu ya upepo ku karatasi. Na hakuna mutazamaji anayeisahau.

Hitchcock vilevile alijua siri hii. Mu filme yake Psycho, ya mwaka wa 1960, mwanamuke anauawa ndani ya chumba cha kuogea. Watu wanatoka pale wakiapa ya kama waliona kisu kikiingia mara nyingi. Kweli waliona picha fupi fupi sana zinazofuatana mbio, filme haina rangi, na "damu" ilikuwa sharubati ya chokoleti. Kilichowatisha zaidi ni sauti. Hitchcock alikuwa anataka pahali pale pasiwe na muziki. Bernard Herrmann, mutunzi wa muziki wake, aliandika hata vile, kwa vinanda vya nyuzi tu vinavyolia sawa ndege wenye kuchinjwa. Hitchcock aliposikia, alikubali.

Jaribu wewe mwenyewe nyumbani. Wakati filme inapotisha sana, funga sauti. Utaona watu tu wanaofungua milango. Woga wote umetoka kwa dirisha.

Na filme ya machozi?

Turudi kwa mama na kikwembe chake. Filme ya machozi, ile tunayoita drame, inatumia vitu vile vile, lakini bomu haliko chini ya meza. Liko ndani ya moyo wa mutu. Mutu anasimama ku njia panda, na kila njia itamukata.

Tutoe tena mufano wa Hitchcock, mu filme yake I Confess ya mwaka wa 1953, ambayo kwa Kifaransa inaitwa La Loi du silence. Ku muji wa Québec, mu Kanada, mutu mumoja anayetumika kwa mapadri anaua mutu. Usiku ule anaingia kanisani, anamuungamia padri kijana dhambi ile. Padri hawezi kusema neno la maungamo kwa mutu yeyote. Kisha polisi wanaanza kutafuta, na alama zote zinamuonyesha padri mwenyewe. Yule muuaji anamuangalia, ananyamaza. Padri anajua kila kitu, na kinywa chake kimefungwa. Akisema, amevunja ahadi yake mbele ya Mungu. Akinyamaza, wanaweza kumunyonga.

Hitchcock aliona kisha ya kama watazamaji wengi wasiokuwa Wakatolika hawakufahamu: kwa nini hasemi tu? Tunapata hapa fundisho kubwa. Drame inashika mutu anayejua uzito wa kitu kinachoweza kupotea. Mutu asiyejua ahadi ni nini, hataona hatari pale. Ndiyo sababu mama anayejua uchungu wa kuzaa na wa kuzika analia mbele ya mutoto wake wa miaka 12, ambaye anauliza: "Mama, unalia nini?"

Na kwa nini kulia kunapendeza? Ulizo hili ni la zamani. Mugiriki Aristotle, zaidi ya miaka 2300 iliyopita, alisema ya kama muchezo wa huzuni unaamusha ndani yetu huruma na woga, na kwa njia ile unatusafisha. Sisi tunaongeza neno letu: ku kilio cha kweli, mutu analia na kazi iko inamungojea: sanduku, chakula cha wageni, deni. Mbele ya filme analia bila deni. Mara ingine analia kilio chake mwenyewe ambacho hakupata nafasi ya kukilia.

Luanshya: "Jack!"

Kuna kitu kimoja bado: wenzetu. Mu miaka ya 1953 na 1954, Mumerika Hortense Powdermaker alikaa Luanshya, muji wa shaba wa Zambia, ambayo wakati ule iliitwa Rhodesia ya Kaskazini. Si mbali na mupaka wetu. Aliandika kitabu juu ya maisha ya kule, Copper Town, kilichotoka mwaka wa 1962. Mule anaeleza namna gani wachimbaji na jamaa zao walivyopenda sinema za wakoboyi. Aktere yeyote, hata awe na jina gani, wao walimuita "Jack". Walisimama, walipiga makelele, walimuonya Jack juu ya adui aliye nyuma yake, walirusha ngumi pamoja naye.

Wakati Clouzot alipokuwa anapokea zawadi zake Ulaya, watu wa shaba walikuwa wanafanya vile. Wageni wengine waliwaza pengine ya kama watu wale hawakujua kutenganisha filme na mambo ya kweli. Sisi tunafahamu namna ingine. Walijua vizuri. Walikuwa wanaangalia pamoja, sawa vile watu wanavyosikiliza hadisi ya nkambo pamoja: kwa kujibu. Woga uliogawanywa na watu wengi unakuwa muchezo. Yule anayeangalia peke yake usiku, na telefone mukononi na sauti ndani ya masikio, anapata woga wote na hana mutu wa kucheka naye kisha.

Wazazi, tufanye nini?

Hatutawapa oroza ya filme za kukataza. Tutawapa maulizo matatu, kufuatana na yale tuliyoona.

La kwanza: ndani ya filme hii, kuko mutu ambaye mutoto wangu anaweza kumuhangaikia? Ao kuko tu watu wa kuanguka? Mutoto akitoka pale akihesabu maiti, "walikufa 30!", filme haikumufundisha woga wala huruma.

La pili: inanitisha kwa kunifanya niwaze, ao kwa kunitupia damu ku macho? Kumbuka tumbako ya Jo.

La tatu: mulango wa kutokea uko? Mukubwa anajua ya kama ni muchezo. Mutoto wa miaka mitano hajui vizuri. Kwake, yule mutu mubaya anaweza kuwa chini ya kitanda leo usiku. Usimuache peke yake mbele ya woga wa wakubwa, na usimucheke asubui kwa sababu alikojoa kitandani. Na wewe kijana, ukitaka kuangalia, angalia na wenzako, angalia na baba yako, na kisha muzungumze.

Juu filme nzuri haimaliziki ku mwisho wake. Mario, peke yake kati ya wanne, anafika. Lakini njiani, ndani ya shimo lililojaa petroli, alimupitisha Jo gurudumu ku muguu kusudi kamyo isizame. Jo alikufa mbele kidogo ya kufika. Kompani inamulipa Mario feza yake na ya Jo pamoja, dola 4000. Kesho yake anarudia Las Piedras na kamyo tupu. Hakuna tena muzigo wa hatari. Anafungulia muziki wa dansi ku radio, anachezesha kamyo kushoto na kuume kwa furaha, na ku kona moja anaanguka ndani ya shimo refu.

Watazamaji wengi wanakasirika: "Kisha taabu ile yote!" Na kukasirika kwao ni haki. Saa mbili nzima walikuwa wanaomba mutu mumoja afike. Mbele ya kupanda kamyo, mutu yule alikuwa kwa kompani mutu asiye na wa kumuulizia. Sasa sisi wote tunamuulizia. Mukubwa wa kompani alimuhesabia bei ya dola 2000; sisi hatukuona bei. Kama filme inaweza kutufanya vile kwa mutu asiyekuwako, basi tukitoka inje na kumukuta kijana anayeshuka mu shimo asubui na kamba na tochi, tutakuwa tumejifunza kuuliza kwa ajili yake vilevile: na kiisha?

Kwa mazungumzo ya jamaa

1. Filme gani ilikutisha zaidi mu maisha yako? Ulikuwa unajua nini ambacho mutu wa mu filme hakujua?

2. Mama na baba: hadisi gani ya nkambo munakumbuka bado? Pahali gani alikuwa akinyamaza kwa kuwangojesha?

3. Mukubwa wa kompani mu Mushahara wa woga alichagua watu wasiokuwa na sendika wala jamaa. Mu mutaa wetu, nani hana mutu wa kumuulizia?

4. Vijana: muchague filme moja ya kuangalia pamoja na wazazi siku ya posho. Kisha filme, kila mumoja aseme ni nani alimuhangaikia, na kwa sababu gani.